Kilo za mizani, kilo za barabarani

Tangu nianze kukimbia mbio ndefu, na sasa unaingia mwaka wa tatu, kuna maswali mawili ambayo hayakauki. Wakimbiaji wenzangu wananiuliza: "Una kilo ngapi siku hizi?" Watu wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini pale ofisini hadi shangazi zangu kule nyumbani, wananiuliza: "Unaumwa?" Ukiyachunguza utaona ni swali lile lile. Wote wameona nimepungua. Wale wa kwanza wanauliza kwa wivu kidogo, hawa wa pili wanauliza kwa huruma.

Leo nimeamua kuyajibu yote mawili kwa mpigo, maana nimechoka kuyajibu moja moja kwenye daladala. Hoja yenyewe ni hii: mtu anayetaka kukimbia kilomita 21 au 42 vizuri anatakiwa awe na uzito gani? Anaujuaje? Na nani ana haki ya kumpangia? Kwa kuwa kazi yangu ni uandishi wa habari, nimelichukulia suala hili kama ninavyochukulia habari nyingine yoyote. Nimesoma, nimeuliza wanaojua, na mwili wangu mwenyewe nimeupima kwa miezi kumi na minne. Hesabu kidogo zitakuwepo, mnivumilie.

Tuanze na upande wa wenye mizani, kwa sababu wana hoja.

Wataalamu wa fiziolojia ya michezo wana kanuni moja rahisi sana. Mtu anapokimbia, kila kilo ya mwili wake inateketeza takriban kalori moja kwa kila kilomita. Ukimbie haraka, ukimbie polepole, hesabu haibadiliki sana. Kwa hiyo mtu wa kilo 76 akikimbia marathoni nzima, yaani kilomita 42.195, anateketeza kama kalori 3,200. Mtu huyo huyo akiwa na kilo 68 anateketeza kama kalori 2,870. Tofauti ni kalori mia tatu na ushee. Kwa lugha ya mtaani hayo ni maandazi mawili hivi.

Utasema, maandazi mawili ni kitu gani? Subiri ufike kilomita ya 35. Akiba ya wanga iliyoko kwenye misuli na kwenye ini, kwa watu wengi, haitoshi kuwafikisha mwisho wa marathoni. Ndiyo maana ukisimama barabarani siku ya mashindano utaona watu waliokuwa wanapepea kilomita ya 15 wameanza kutembea ilipofika ya 32, macho yamewatoka. Pale, ndugu yangu, maandazi mawili ni mali.

Halafu kuna oksijeni. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupimwa kwa mililita, kwa kila kilo ya mwili, kwa kila dakika. Angalia vizuri kipimo hicho: uzito uko chini ya mstari, ndio unaogawanya. Maana yake namba yako inaweza kupanda kwa njia mbili. Ama injini ikue, ama mzigo upungue.

Mfano mzuri ninaoujua ni wa Chris Froome, yule mwendesha baiskeli aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa na Mkenya David Kinjah, kabla hajaenda kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2007, akiwa bado hajulikani, alipimwa Uswisi. Alikuwa na kilo 75.6, na karibu asilimia 17 ya uzito huo ilikuwa mafuta. Mwaka 2015, baada ya kushinda Tour yake ya pili, akapimwa tena London. Safari hii alikuwa na kilo 69.9, mafuta chini ya asilimia 10. Ukiangalia jumla ya oksijeni aliyoweza kutumia kwa dakika, bila kugawanya kwa uzito, ilikuwa karibu ile ile ya mwaka 2007. Injini ilikuwepo siku zote. Kilichoshuka ni mzigo, na ulioshuka zaidi ulikuwa mafuta. Kwa mtu anayepanda milima ya Alps kwa baiskeli, kushusha kilo karibu sita ni sawa na kutua kiroba kilichokuwa mgongoni.

Kwa hiyo wenzangu wanaoulizana kilo alfajiri pale Coco Beach hawajarogwa. Uzito una maana. Swali langu kwao ni moja tu: kama kupungua ni kuzuri, kunaishia wapi?

Hapo ndipo kila mtu anachomoa namba yake mfukoni.

Kuna hesabu moja ya zamani, inayohusishwa na daktari wa Kimarekani Irwin Stillman, ambayo wakimbiaji wamekuwa wakirithishana kwa miaka mingi. Mwanamume wa futi tano anapewa ratili 110, kisha kila inchi inayozidi anaongezewa ratili 5.5. Mkimbiaji wa mbio ndefu anatakiwa apungue asilimia 10 hadi 15 chini ya hapo. Mimi nina mita 1.75, yaani futi tano na inchi tisa hivi. Nikaingia kwenye kikokotoo. Majibu yakaja: niwe kati ya kilo 61 na nusu na 65. Haikuniuliza nimezaliwa na mifupa gani, nalala saa ngapi, wala ninakimbia kilomita ngapi kwa wiki.

Wengine wanapenda kutumia mabingwa. Eliud Kipchoge, aliyekimbia Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, anatajwa kuwa na mita 1.67 na kilo karibu 52. Nikichukua uwiano wake wa kimo na uzito nikauweka kwenye kimo changu, napata kilo 57. Mara ya mwisho nilikuwa na kilo 57 nikiwa kidato cha tatu, na shati la sare lilikuwa linanipwaya.

Sasa hebu tukumbuke fainali ya mita 10,000 ya Olimpiki ya Sydney, Septemba 2000. Haile Gebrselassie wa Ethiopia, mwenye kimo cha mita 1.65 hivi, alimpita Paul Tergat wa Kenya, mwenye mita 1.82, kwa sekunde 0.09. Sifuri nukta sifuri tisa! Baada ya kukimbia dakika 27 na zaidi. Tergat alikuwa mrefu kuliko Haile kwa zaidi ya sentimita 15, na mzito kuliko yeye kwa kilo kadhaa. Miaka mitatu baadaye huyo huyo Tergat akaweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin, saa 2:04:55. Mwaka 2007 Haile akaivunja, hapo hapo Berlin, kwa saa 2:04:26. Watu wawili, miili miwili isiyofanana hata kidogo, na barabara ikawaweka karibu pamoja. Kama kungekuwa na kilo moja ya ushindi, mmoja wao asingefika pale.

Na hapa kwetu? Juma Ikangaa alikuwa mfupi, na mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01. Alphonce Simbu naye, tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, akawa Mtanzania wa kwanza kushinda dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Baada ya ushindi ule nilisikia mazungumzo mengi vijiweni na ofisini. Wengi walikuwa wanasema, "Umeona alivyo mwembamba lakini?" Nilisubiri mtu aseme kwamba Simbu alishachukua shaba ya mashindano hayo hayo London mwaka 2017, na kwamba kati ya shaba na dhahabu kuna miaka minane. Wembamba unaonekana kwenye televisheni. Miaka minane haionekani.

Kwa hiyo niliamua kutafuta namba yangu mwenyewe.

Kundi letu linakimbia alfajiri ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Tunatokea Coco Beach, tunavuka Daraja la Tanzanite, tunakwenda na barabara ya Ocean, tunarudi. Tuna mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, ambaye sote tunamwita Afande. Enzi zake alikimbia mashindano ya majeshi, na sasa anatembea na saa ya kitambo mkononi na firimbi shingoni. Nilipomwambia nataka kujua uzito wangu wa mbio, alicheka.

"Mizani haikimbii, kijana," akasema. "Unataka kujua uzito wa kukimbia, tafuta kwa kukimbia."

Tukapanga hivi. Kila Jumatatu alfajiri, kabla ya chai, nipime uzito na kuandika. Kila siku niandike nimelala saa ngapi, na mapigo ya moyo kabla sijatoka kitandani. Kila baada ya wiki nne, siku ya Jumamosi, nikimbie kilomita 10 kwenye njia ile ile, saa ile ile. Nile kawaida, nipunguze taratibu, nusu kilo kwa wiki isizidi. Na tukawekeana sharti tangu siku ya kwanza: muda ukianza kuongezeka huku kilo zinapungua, tunasimama papo hapo na kurudi tulikotoka. Nikanunua daftari.

Nilianza na kilo 76. Hizo nilizipata kwa jasho halali: miaka mitatu ya chuo, kisha kazi ya gazeti, ambapo mtu unakaa kwenye kiti hadi kurasa zifungwe saa nne usiku na chakula kilichobaki mjini ni chipsi mayai. Kilomita 10 nilikimbia kwa dakika 54 na sekunde 10. Nilipofika kilo 72 nikakimbia kwa dakika 50 na sekunde 30. Kilo 70, dakika 48 na sekunde 40. Kilo 68, dakika 47 na sekunde 15.

Kabla hujakimbilia kununua mizani, angalia kitu kimoja. Kutoka kilo 76 hadi 72 uzito ulipungua asilimia 5 na kidogo, lakini muda ulipungua karibu asilimia 7. Kilo peke yake haziwezi kueleza hilo. Nilikuwa najifunza kukimbia pia. Moyo ulikuwa unakua, miguu ilikuwa inazoea. Mizani ilikuwa inapokea sifa za mazoezi.

Kisha nikafika kilo 66. Kwa mujibu wa hesabu ya yule daktari nilikuwa bado mnene. Nilikimbia kwa dakika 48 na sekunde 20. Nikafungua daftari. Mapigo ya asubuhi, yaliyokuwa 52, yalikuwa yamepanda hadi 60. Usingizi ulikuwa unakatika saa tisa usiku, naamka njaa inauma. Mafua nilikuwa nimeugua mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Kazini mhariri wangu alikuwa ameniuliza kama nina matatizo nyumbani, maana habari ya aya sita ilikuwa inanichukua asubuhi nzima. Afande akasoma ukurasa ule, akafunga daftari. Tukarudi kilo 68, kama tulivyokubaliana.

Sasa niwaeleze kuhusu swali la pili, lile la "unaumwa?"

Ilikuwa katika wiki zile zile za kilo 66 mama alipokuja kutoka Morogoro. Mama yangu hana habari na mililita za oksijeni. Alinitazama mlangoni, akapokea shikamoo yangu, akaingia jikoni moja kwa moja. Usiku, wageni wengine walipokwenda kulala, akaniita akakaa karibu yangu.

"Baba, umepima?"

"Nimepima mama. Kilo sitini na sita."

Akanyamaza kidogo. "Sikuulizi kilo, mwanangu."

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu hivyo viwili, na mimi nilikuwa nimesikia kimoja. Mama alikuwa na kaka yake, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye sikuwahi kumwona. Wanasema alikuwa pande la mtu. Alianza kupungua kidogo kidogo, watu wakamsifia kwamba kitambi kimekwisha. Alifariki mwaka 1997. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure hapa nchini mwaka 2004, miaka saba baadaye. Kwa watu wa rika la mama, mtu kupungua bila sababu inayoeleweka hakujawahi kuwa habari njema. Waliwaosha, waliwalisha uji kwa kijiko, waliwazika. Sisi tuliozaliwa baadaye tunawacheka wanaposema "umenawiri" kwa mtu mwenye kitambi. Wana sababu.

Nikamwambia nimepima hicho pia, na nikamtolea karatasi. Nikamwonyesha na daftari. Hakulisoma sana. Alichosema ni kwamba mashavu yangu hayakuwa mashavu ya mtu anayelala. Nilikuwa nimepoteza wiki nne kukusanya ushahidi wa jambo ambalo yeye aliliona mlangoni kwa sekunde mbili! Tangu siku ile, nikisikia mtu anasema watu wa mtaani hawajui kitu kuhusu uzito, huwa nanyamaza.

Lakini mimi ni mwanamume, nina daftari, na nina Afande. Kuna wenzetu ambao hawana hata kimoja kati ya hivyo. Hapa naomba niwaeleze kuhusu dada mmoja wa kundi letu. Amenipa ruhusa ya kusimulia, jina lake nalihifadhi.

Dada huyu ni mhasibu, ana mita 1.64, na alikuwa na kilo 55. Alikuwa anakimbia nusu marathoni chini ya saa 1:45, yaani mimi nilikuwa naona visigino vyake tu. Akaenda kufanya mazoezi na kundi jingine ambalo lina kocha. Kocha akamtazama, akamwambia: "Wewe ukiwa na kilo 48 utapata zawadi." Namba hiyo ilitoka wapi, mpaka leo hajui. Akaacha wali, akaacha ugali wa usiku, akawa anakunywa chai kavu na tikiti maji na kukimbia kilomita 70 kwa wiki. Mwezi wa kwanza muda wake ulishuka kweli, na kila mtu alimpongeza. Hicho ndicho kinachofanya mchezo huu uwe wa hatari: mwili unakopesha kwanza, unadai baadaye.

Hedhi yake ilikoma. Alipomwambia kocha, akajibiwa kwamba hiyo ni dalili mazoezi yameanza kukolea. Miezi saba ikapita. Kisha likaanza kuuma eneo dogo la ugoko, kama mtu anamchoma na kalamu. Akakimbia nalo wiki mbili. Hospitali wakakuta mfupa una ufa. Daktari alipomuuliza mara ya mwisho kuona siku zake ni lini, dada alianza kulia kabla hajajibu, maana alielewa kwa nini anaulizwa.

Jambo hili lina jina. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na imelihuisha mara mbili, 2018 na 2023. Wazo lake ni kama bajeti ya nyumba. Chakula kinachoingia kinagawanywa. Mazoezi yanachukua chao kwanza, hayasubiri. Kinachobaki ndicho cha kuendesha moyo, ubongo, kinga, mifupa na uzazi. Kikibaki kidogo, mwili unaanza kuzima taa vyumba ambavyo unaweza kuishi bila hivyo kwa muda. Uzazi unazimwa mapema. Homoni zikishuka, mifupa nayo inaacha kujijenga. Na wanaume tusijidanganye, nasi tumo. Kwetu hakuna hedhi ya kututahadharisha, ila homoni za kiume zinashuka, hamu inapungua, usingizi unaharibika, mifupa inapasuka vile vile.

Wataalamu wametumia kipimo cha kalori 30 kwa siku kwa kila kilo ya mwili usiohesabu mafuta, baada ya kutoa za mazoezi, kama mstari wa tahadhari, na 45 kama kiasi kizuri. Si ukuta, watu wanatofautiana, lakini inasaidia kufikiri. Chukua mtu kama mimi, mwenye kilo kama 60 ukiondoa mafuta. Kalori 30 mara 60 ni 1,800. Siku nikikimbia kilomita 15 nateketeza kama 1,000. Kwa hiyo nikila chini ya 2,800 siku hiyo nipo kwenye eneo baya, na ili niwe salama nahitaji kama 3,700. Sasa rudi kwenye chai kavu na tikiti maji, uone yule dada alikuwa anaishi kwa nini.

Na haya hayatokei kwetu tu eti kwa kuwa hatuna wataalamu. Novemba 2019 mkimbiaji wa Marekani Mary Cain, aliyekuwa na kipaji cha ajabu akiwa na miaka 17, alieleza hadharani kwamba katika kikosi chake, kilichokuwa na fedha na maabara za kila aina, alitakiwa awe na ratili 114, yaani karibu kilo 52, na alipimwa mbele ya wenzake. Alisema alikosa hedhi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Kocha wake alikana mengi kati ya madai hayo. Mimi nilichojiuliza nikisoma habari ile ni kitu kidogo tu: kwa nini namba zote hizi hupatikana kwa kumtazama mtu, na si kwa kumuuliza?

Basi, mwenye kutaka uzito wa mbio afanyeje? Mimi si daktari wala kocha. Nasema nilichokiona.

Kwanza, jua mizani inapima nini. Mwili ukihifadhi gramu moja ya wanga, unahifadhi pamoja nayo gramu kama tatu za maji. Siku mbili kabla ya nusu marathoni ya Kilimanjaro mwaka huu nilikula wali, viazi na ndizi kwa nidhamu ya kijeshi, nikalala kwingi. Asubuhi ya mbio, pale Moshi, mizani ya nyumba ya wageni ilisoma kilo 69.6. Mwaka uliotangulia ningeogopa. Ile zaidi ya kilo ilikuwa mafuta ya gari, petroli imejaa tangi. Nilipanda kile kilima cha barabara ya Mweka nikiwapita watu, nikamaliza kwa saa 1:49, wakati mwaka wa nyuma nikiwa na kilo 74 nilitumia saa 2:04. Kinyume chake, ukitoka kukimbia kwenye joto la Dar es Salaam ukakuta umepungua kilo moja na nusu, usifurahi. Hiyo ni lita moja na nusu ya jasho. Kunywa maji.

Pili, kama una kilo za kupunguza, zipunguze mbali na mashindano, taratibu, na usiwahi kupunguza chakula wiki ile ile unayoongeza kilomita. Soda, maandazi ya saa nne na chipsi za usiku vinatosha kuanzia. Ugali hauna kosa lolote. Watafiti waliokaa na wakimbiaji wa Kenya kambini walikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu inayotokana na chakula chao ni wanga, na ugali ulikuwa na fungu kubwa. Wanaokwambia uache ugali ili ukimbie kama Mkenya waulize Wakenya wanakula nini.

Tatu, andika. Muda, usingizi, mapigo ya asubuhi, kwa akina dada na tarehe za hedhi. Uzito ni safu moja tu kwenye daftari, na si ya kwanza. Uzito wako wa mbio ni ule uliokuwa nao ulipokimbia vizuri, ukalala vizuri, na wiki iliyofuata ukaweza kukimbia tena. Utaujua baada ya kuupata. Hakuna atakayekutajia kabla.

Wangu mimi, kwa sasa, uko kati ya kilo 68 na 69. Februari ijayo nakwenda Moshi kujaribu kilomita 42 zote. Huenda miaka miwili mitatu ijayo ukabadilika, mwili si jiwe. Mama ameniahidi kuleta unga wa mahindi ya kukoboa kutoka nyumbani, na ameniambia hataki kuona yale mashavu tena.

Yule dada ameanza kurudi barabarani. Dakika ishirini, siku tatu kwa wiki, polepole, Afande akimtembelea pembeni na firimbi yake kama trafiki. Siku zake zimerudi tangu mwezi wa nne. Jumamosi iliyopita tulipomaliza tulikaa ukutani pale ufukweni, akaagiza mihogo ya kukaanga na pilipili, sahani nzima, akala yote. Kijana mmoja mgeni katika kundi, anayejifunza, akamuuliza: "Dada, una kilo ngapi?"

"Sijui," akamjibu, na akasogeza sahani kuagiza nyingine.